Kochi la Wageni

Kila siku Tausi husoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Huingia katika chumba chetu cha kusomea pale mtaa wa Kiganjo, Thika, akitoka shuleni, huchomoa kitabu kwenye rafu, huegemea ukuta karibu na dirisha, na kusoma ukurasa mmoja mpaka mwisho. Kikimpendeza huvuta kiti. Kisipompendeza hukirudisha mahali pake, akakisukuma mpaka kilingane na vingine, kisha huchukua kingine. Siku moja mtoto mwenzake alimuuliza mbona hakai tangu mwanzo kama watu wengine.

"Viti ni vichache," alisema. "Sijajua kama nitasoma. Nikae kwa nini?"

Mimi ndiye ninayetunza chumba hicho. Nyumbani kwangu ni Ruiru, lakini kazi yangu iko Thika, na inanifaa kwa sababu haidai maneno mengi. Watoto wananiita Madam. Wengi huja kwa ajili ya kazi za shule, wengine huja kwa sababu ya kivuli. Tausi alikuja kwa ajili ya vitabu, na nilimtambua mapema, kama vile mtu mpole anavyomtambua mpole mwenzake hata kabla hawajasalimiana.

Ana miaka kumi na mitano. Anaishi na mama yake, Nadira, katika chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba vya kupanga iliyo nyuma ya barabara kuu ya mtaa. Baba yake alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Nadira hukaanga viazi karai, vile vya kuchovya kwenye unga, kando ya barabara, na unapopita saa za jioni unaweza kumkuta Tausi pale akimenya viazi, kitabu kimewekewa jiwe juu ili upepo usifunue kurasa. Kuna pia Muzammil, ndugu mdogo wa Nadira, mwendesha boda boda. Amepanga chumba chake mwenyewe lakini sahani yake iko kwa dada yake.

Walimu wa Tausi husema kichwa chake si cha kawaida, na mimi nimeona kwa nini. Kitabu cha sayansi hukianza kwa maswali yaliyo mwisho wa sura. Anayajibu kwanza. Sura yenyewe huisoma tu pale anapokwama, na huwa hakwami sana. Akiulizwa jambo gumu hutazama dari, midomo ikicheza kidogo, halafu hushuka na jibu kama mtu aliyekuwa amelisahau juu ya kabati.

Lakini kilichonifanya nidhani namjua hakikuwa akili. Kilikuwa kisa cha Mwalimu Ndegwa, anayemfundisha hesabu, ambacho alinisimulia mwenyewe siku alipoleta vitabu vya zamani. Katika mtihani wa majaribio Tausi alikuwa wa kwanza darasani. Karatasi ziliporudishwa akaenda mezani kwa mwalimu na kumwonyesha jibu moja lililotiwa alama ya vema ilhali lilikuwa limekosewa. Mwalimu akamwambia akae, hakuna neno. Hakukaa. Alisimama pale mpaka mwalimu akachukua kalamu nyekundu na kusahihisha, na kijana mmoja anayeitwa Maluki akapanda juu yake.

"Wewe Tausi," Maluki alimwambia baadaye mbele ya wenzake, "akili zote hizo na bado uko na ujinga."

"Hiyo jibu haikuwa sawa," Tausi alisema. "Mimi ndio niliandika, si ati naambiwa."

"Sasa mimi nifurahie ama nikuonee huruma?"

"Furahia. Kesho nakupita."

Na kweli alimpita. Mwalimu Ndegwa alisimulia hayo akitikisa kichwa, na mimi nikajiambia kwamba nimempata mtoto yule. Kwa Tausi ukweli unakaa mbele, mambo mengine yanapanga foleni nyuma yake. Nilikuwa na hakika kabisa.

Matokeo ya Gredi ya Tisa yalipotoka, Tausi aliitwa kuingia Gredi ya Kumi katika shule kubwa ya wasichana, ya bweni, mbali na Thika. Alikuwa ameitaka shule hiyo kwa sababu ya maabara yake. Aliwahi kuona picha ya wanafunzi wakiwa wameinamia hadubini, kila mmoja na yake, na aliniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja jina la mchumba. Muzammil alinunua sanduku la chuma sokoni na kumpa fundi alipake rangi ya buluu na kuandika TAUSI RAMA kwa herufi nyeupe.

Karo ya shule ile haiwezi kutoka kwenye viazi karai. Kwa hiyo nilipeleka jina lake katika mfuko mmoja wa masomo wenye ofisi Ruiru, unaowalipia watoto wenye vipaji kutoka familia zisizojiweza. Walikubali kumfikiria. Utaratibu wao ni kwamba kabla ya kuamua hufika nyumbani kwa mtoto, wakaona anapolala na kuzungumza na mzazi.

Nyumba ile naijua. Tausi alipougua homa nilimpelekea kitabu, na Nadira alinikalisha kitandani kwa sababu stuli moja ilikuwa na nguo na nyingine na jiko. Mgeni wa pili angekalia mtungi wa maji wa plastiki. Nilifikiri, wakiona tu, hawatauliza swali.

Siku chache kabla ya wageni nilipita pale kwenye viazi, nikakuta dada na ndugu wakivutana mbele ya wateja.

"Dada, wale watu wanakuja kuangalia shida," Muzammil alikuwa akisema, kofia ya pikipiki ikining'inia mkononi. "Wewe waonyeshe shida. Hata hizo stuli ondoa. Wakae kwa mtungi."

"Mgeni wangu akae kwa mtungi?"

"Ndio aone."

"Muzammil, wewe ulilelewa na nani?"

"Si ni wewe."

"Basi nilikosea mahali."

Wateja walicheka. Nadira naye alicheka, akageuza viazi kwenye mafuta. Tausi alikuwa akimenya bila kuinua macho. Niliona nafasi yangu, na ingawa kusema mbele za watu hunitoa jasho, nilisema. "Mama Tausi, acheni tu nyumba kama ilivyo. Inatosha."

"Usijali, mwalimu," alinijibu. "Wageni wako ni wageni wangu."

Nikaondoka nikiwa nimetulia.

Wageni walikuwa wawili. Bwana Odhiambo ni mtu mzima, mwenye miwani na sauti ya taratibu, na Bi Janice ni kijana zaidi, huandika kila kitu kwenye simu yake kubwa huku akikutazama usoni. Kwa vile naishi Ruiru walinipitia, tukaenda pamoja kwa gari lao Jumamosi asubuhi. Njiani niliwaeleza mengi kuhusu Tausi kuliko nilivyowahi kueleza mtu yeyote jambo lolote. Niliwaeleza hata kisa cha Mwalimu Ndegwa. Bwana Odhiambo aligeuka kunitazama, akasema, "Mtoto kama huyo ni nadra."

Tulipofika mlangoni nilidhani tumekosea chumba.

Palikuwa na kochi. Kochi kubwa la rangi ya maziwa, lenye mikono ya mviringo, na juu yake vitambaa vyeupe vya kufumwa vilivyonyooshwa kwa pasi. Sakafu ilikuwa na kapeti jekundu. Kwenye kona palikuwa na kabati la vioo lenye vikombe vya maua, na juu ya meza ndogo palikuwa na televisheni. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia ambalo sikuwahi kuliona. Stuli hazikuwepo, mtungi haukuwepo, jiko lilikuwa limefichwa. Harufu ya udi ilijaa chumba kizima. Nadira alisimama katikati katika dera jipya, uso unang'aa, mikono wazi.

"Karibuni, karibuni sana. Ingieni mkae. Tausi, lete maji ya kunawa."

Tuliketi. Kochi lilinipokea, nikazama ndani yake kama mtu anayezama kwenye matope. Niliangalia kila kitu kimoja kimoja, nikitafuta kile kimoja nilichokuwa nakijua, sikukipata.

Tausi aliingia na birika na beseni. Alimmiminia maji Bwana Odhiambo, akammiminia Bi Janice, akafika kwangu. Nilimtazama. Yeye alitazama maji.

"Nyumba nzuri, mama," Bwana Odhiambo alisema akijifuta mikono. "Hivi vyote ni vyako?"

"Ni vya nyumbani," Nadira alisema. "Tunamshukuru Mungu."

Bi Janice aliandika.

"Na kazi yako, mama, inakutosheleza?"

"Ni biashara ndogo, lakini hatulali njaa. Hebu kula mahamri, usiyaonee haya."

"Karo mngeweza kuipata wapi?"

"Mungu ni mkubwa, atafungua. Umeweka sukari? Ngoja nikuongeze."

Ndivyo ilivyoendelea. Walimuuliza kama mwombaji, naye akawajibu kama mwenyeji. Kila shida waliyoigusa aliifunika kwa kikombe. Nilikuwa nikisikia kila jibu likigonga kama mlango unaofungwa, na kila mara nilimtazama Tausi, ambaye alikuwa amesimama karibu na kabati la vioo. Nilikuwa nikimsubiri. Nilijua hawezi kuvumilia jibu ambalo si sawa. Alisimama mbele ya mwalimu mpaka akapunguziwa alama; hataweza kukaa kimya hapa.

Hakusema kitu. Basi nikakusanya nguvu, nikaweka kikombe chini.

"Bwana Odhiambo," nilianza.

Tausi alikuwa mbele yangu kabla sijaongeza neno, sahani mkononi.

"Madam, chukua mahamri," alisema.

Sasa alinitazama. Sikuwahi kuona macho yale kwake. Yalikuwa ya mtu anayezuia mlango kwa mgongo. Nilichukua hamri, nikanyamaza.

Mwishoni Bwana Odhiambo aliomba kuzungumza na Tausi peke yake. Ni utaratibu wao, alisema, kila mtoto huzungumza naye kando. Wakatoka mpaka kwenye bomba la maji katikati ya ploti. Kutoka nilipokaa niliwaona kupitia mlangoni, sauti zao hazikufika. Bwana Odhiambo alikuwa ameinamisha kichwa kumsikiliza. Tausi alikuwa amejikumbatia. Alitazama juu, kama anavyotazama dari, akasema kitu kifupi.

Moyo wangu ukatua. Amesema, niliwaza. Alikuwa anasubiri kusema bila mama yake kusikia, na sasa amesema. Bwana Odhiambo alirudi akaketi tena kwenye kochi, akapokea kikombe cha pili, akasifu chai. Mimi nikala lile hamri lote.

Tukaondoka. Nilikaa kiti cha nyuma nikingoja mmoja wao aguse jambo lile. Walizungumza juu ya mahamri. Walizungumza juu ya msongamano wa magari pale Juja. Tulipokaribia Ruiru nilihisi siwezi tena, nikasema, "Vile vitu si vyao."

Bi Janice aligeuka. "Vitu gani?"

"Kochi. Kapeti. Kila kitu. Nimewahi kuingia mle. Wana stuli mbili na mtungi."

Alinitazama kwa upole ambao uliniumiza zaidi kuliko ukali. "Madam, hilo tunaambiwa kila nyumba. Mjomba anasema, jirani anasema, mwalimu anasema. Tukiandika maneno ya pembeni hatutamaliza. Mwenye nyumba mwenyewe amesema ni vyake."

"Basi mngemuuliza Tausi."

"Nilimuuliza," Bwana Odhiambo alisema.

Gari lilikuwa limesimama kwenye foleni. Nakumbuka mtu akiuza ndizi nje ya dirisha, akinigongea kioo.

"Nilimuuliza pale kwenye bomba," aliendelea. "Mimi pia nilikuwa na shaka, kwa sababu ya ulivyotueleza. Nikamwambia, mama yako hasikii, na nafasi yako inategemea jibu hili. Vitu vya mle ndani ni vyenu? Akaniambia, nyumba ni ya mama, muulize yeye. Na mama nilikuwa nimeshamuuliza."

Foleni ilisogea, wakaniteremsha Ruiru.

Jibu lilikuja kwa simu ya Nadira, ujumbe mfupi wa heshima. Alikuja nao chumba cha kusomea, unga ungali mikononi, Muzammil nyuma yake. Tausi hakuwepo, alikuwa bado shuleni akirudisha vitabu. Watoto wengine waliinua vichwa.

"Mwalimu, nisomee tena," Nadira alisema. "Labda sikuelewa."

Nilisoma. Ulisema wamefurahi kumfahamu Tausi, ila nafasi chache walizo nazo wanawapa wale ambao familia zao hazijiwezi.

"Wanasema sisi tunajiweza?"

"Ndiyo, mama Tausi."

"Nani aliwaambia?"

Muzammil alivuta pumzi. "Ni kochi, dada."

"Kochi gani?"

"Si ile walikalia. Kochi la Mama Muthoka."

"Kochi la Mama Muthoka linahusiana nini na mimi? Kila mtu anajua ni la Mama Muthoka."

"Wao watajuaje?" Muzammil alisema. "Wametoka Ruiru."

Nadira akakaa polepole kwenye kiti cha watoto, magoti yakapanda juu.

Hapo ndipo na mimi nilipoelewa, na nilishtuka upya. Sikuwa najua, maana sijawahi kuishi kwenye ploti yao. Mama Muthoka ni jirani wa mlango wa tatu, Mkamba, mshona nguo, na kochi lake ndilo kochi pekee la ploti nzima. Akija mchungaji kwa mtu, linabebwa. Akija imamu, linabebwa. Limekalisha watu wa mahari na limekalisha waombolezaji. Wanaume wa ploti wanajua jinsi ya kulilaza ubavu ili lipite kila mlango bila kukwaruza. Wageni wa siku nyingi wamelikalia katika vyumba vinne tofauti, na hakuna aliyewahi kudhani amedanganywa, maana hakuna aliyewahi kutojua. Nadira aliposema ni vya nyumbani hakuona kwamba anasema uongo. Ndivyo mtu husema kochi lile likiwa kwake. Haikumpitia akilini kwamba kuna mtu duniani anayeweza kulikalia na asijue ni la nani.

"Sasa wameona mimi tajiri," alisema, kama anayejaribu neno hilo mdomoni.

"Nilikwambia mtungi," Muzammil alisema.

"Wacha, Muzammil."

"Mimi nimewacha."

Nadira alinyanyuka, akapangusa mikono kwenye leso. "Wako wapi hawa watu? Nitaenda niwaambie mwenyewe. Kwani nimeiba?"

Kesho yake tulikwenda pamoja. Ofisi yao iko ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Bi Janice alimvutia kiti lakini Nadira hakukaa. Alisema akiwa amesimama, waziwazi kuliko vile mimi ningeweza.

"Kochi ni la Mama Muthoka. Vitambaa pia ni vyake, alivifuma mwenyewe. Kapeti ni la mwenye duka. Kabati na vikombe ni vya binti wa mwenye ploti. Televisheni ni ya ndugu yangu na haiwaki. Mimi nina kitanda, stuli mbili, jiko na mtungi. Njooni tena leo, mtakuta."

Bi Janice aliweka mkono mdomoni. Bwana Odhiambo alivua miwani.

"Mama," alisema, "mbona hukusema siku ile?"

"Mlikuwa wageni," Nadira alisema.

Alisema kana kwamba hilo ni jibu kamili. Bwana Odhiambo alifuta miwani kwa shati muda mrefu. Kisha akatueleza. Nafasi ilikuwa imeshatolewa kwa msichana wa Kalimoni, ameshapelekwa shule, karo imeshalipwa. Nafasi nyingine hakuna, na mwaka ujao wanachukua tu wanaoingia Gredi ya Kumi mwaka huo.

"Huyo wa Kalimoni ana mama?" Nadira aliuliza.

"Hana. Analelewa na nyanya yake."

"Basi msimguse," alisema.

Alikuwa ameshageukia mlango wakati Bwana Odhiambo alipoongeza lile neno. Nadhani alitaka kujitetea, au alitaka kumliwaza, sijui. "Hata mtoto nilimuuliza, mama. Kule nje, peke yake. Nilimwambia hutasikia. Yeye akasema nikuulize wewe."

Nadira aligeuka.

"Ulimuuliza?"

"Ndiyo."

"Kama kochi ni letu?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikiwa sisikii?"

"Hukuwa unasikia, mama."

Alishika ukingo wa mlango. Nilimkaribia kwa sababu nilidhani ataanguka, lakini hakuanguka. Alishuka ngazi moja moja, mkono ukutani, tukarudi Thika. Jioni ile nilipita kwenye viazi vyake. Mafuta yalikuwa yanafuka moshi, viazi vimekuwa vyeusi, naye amesimama na mwiko mkononi akitazama barabara. Mteja mmoja alikuwa akimwita, "Mathe, mathe, inaungua."

Baadaye nilisikia kutoka kwa Muzammil kilichotokea nyumbani. Nadira alimwambia binti yake, "Ungesema. Ningekukasirikia siku mbili, nikapoa." Kisha akamwambia, "Mimi si yai." Tausi akaenda kulala mapema.

Sitaki mtu adhani ilikuwa rahisi kwake. Kwa muda hakuja kwetu. Siku Maluki alipopita kuniuliza vitabu vya fizikia alisema amekutana na Tausi njiani, akamwita kwa utani kama kawaida yao, naye akamwambia aende zake kwa neno ambalo hakutaka kulirudia mbele yangu. Sanduku la buluu liko kwenye kona ya chumba chao. Nadira huweka unga humo, panya wasiufikie, na jina limegeuzwa upande wa ukuta.

Tausi sasa yuko shule ya kutwa hapa hapa Thika. Hadubini ya shule ni moja na iko katika kabati ambalo ufunguo wake huwa kwa mwalimu. Alinieleza hayo siku aliporudi hatimaye, macho yamevimba kidogo, sweta ya shule mpya ikimpwaya mabegani. Nilimwonyesha vitabu vilivyoletwa wakati hayupo. Alivipitia bila kuchagua. Watoto wengine walipoondoka alibaki akinisaidia kupanga rafu, nami nikapanga upande wangu, na tukafanya hivyo kwa muda mrefu bila kusema, jambo ambalo sisi wawili tunaliweza.

Nilikuwa nimebeba swali langu tangu lile gari, na kila nilipojaribu kuliuliza lilikuwa linatoka kama lawama. Nilikuwa nimesimuliwa jinsi mtoto alivyosimama mezani kwa mwalimu akidai apunguziwe alama, na nilikuwa nimejenga juu ya hilo picha nzima ya mtu. Sasa picha ile ilikuwa imeanguka na sikujua niweke nini mahali pake. Nilitaka tu kujua. Nikaliuliza lilivyo.

"Tausi, kwa nini hukumwambia Bwana Odhiambo kule nje, wakati mama yako hasikii?"

Alitazama dari. Midomo ilicheza kidogo. Kisha alinitazama usoni, kana kwamba ni jambo ambalo mtu yeyote angeliona.

"Wangerudi ndani wamalize chai wakijua," alisema, "na mama bado anawaongezea."